Jina Lako Kwenye Fakture ni Amana



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mume na mke wakiachana katika mji wetu wa Lubumbashi, watu wanakuja msikitini na maswali yanayojulikana. Wanauliza juu ya mahari, juu ya edda, juu ya watoto kama watakaa na nani. Hayo ni maswali mazuri. Lakini kuna swali moja ambalo karibu hakuna mtu analiuliza siku ile ya kuachana. Linakuja lenyewe baada ya miezi miwili au mitatu, wakati agenti wa SNEL anasimama mlangoni na fakture mkononi na ngazi begani. Swali lenyewe ni hili: deni hili ni la nani?

Mume amekwisha kuhama. Jina kwenye fakture ni lake. Mama na watoto ndio wamebaki ndani. Mama anasema, "Mimi siko mwenye jina hili." Agenti anampigia baba simu, na baba anasema, "Mimi sikai tena pale, uliza wale wanaowasha taa." Agenti hana kazi na maneno ya ndoa. Anapanda mtini, anakata, anakwenda. Usiku ule watoto wanasoma kwa mshumaa.

Wengine watasema hili ni jambo dogo, halistahili karatasi ya Ijumaa. Ndugu yangu, usilidharau. Dini yetu imeweka haki za watu pahali pakubwa sana. Haki ya Allah, mja akitubu, Allah ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mtu inangoja mpaka mwenyewe alipwe au asamehe. Fakture isiyolipwa ni haki ya mtu.

Majibu matatu ya watu

Ukisikiliza watu wakizungumza, utaona wanatoa majibu matatu.

Wa kwanza wanasema: deni ni la mwenye jina. Karatasi imesema, basi imekwisha.

Wa pili wanasema: deni ni la aliyetumia. Aliyewasha taa, aliyefungua robine, ndiye alipe.

Wa tatu wanasema: deni ni la mwenye feza. Baba ana kazi, basi alipe. Au mama ana biashara yake sokoni, basi alipe yeye.

Kila jibu lina kipande cha ukweli, lakini hakuna hata moja linalotosha peke yake. Kwa SNEL na kwa REGIDESO, ni kweli kwamba wanamjua mwenye jina. Wao walipatana naye, na hawawezi kumfuata kila aliyelala katika nyumba. Lakini mbele ya Allah, jina kwenye karatasi halimfanyi mtu kuwa na deni ambalo si lake, wala kukosa jina hakumtoi mtu katika deni ambalo ni lake. Tutaulizwa juu ya wajibu: nani alikuwa na wajibu wa kulipa wakati ule umeme ulipotumika? Hapo ndipo sheria ya dini inatupa njia iliyo wazi.

Kwa nini jina la baba liko kila pahali

Kabla ya kuingia katika hukumu, tukumbuke kwa nini katika nyumba nyingi za hapa jina la mwanamume liko juu ya kila karatasi.

Wazee wetu waliishi wakati wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Katika kambi za kampuni ile, nyumba, maji na mposho vilifuata kazi ya baba. Mama alikuwa mke wa mfanyakazi, na haki yake ya kukaa katika nyumba ilipita katika jina la mume wake. Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni, ikaja kuitwa Gécamines, na desturi ile ikaendelea. Tena sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga katika mapatano ya kisheria. Sharti hilo la ruhusa liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, ambayo inataka mume na mke wapatane. Lakini karatasi za zamani zimebaki vilevile kwenye kabati.

Wakati huohuo maisha yamegeuka. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuondolewa Gécamines kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Professa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 2001, kitabu juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Tangu miaka ile, nyumba nyingi zimesimama kwa mikono ya mama: anauza unga, makala, samaki, mitumba, anakwenda Kasumbalesa na kurudi. Kwa hiyo leo tuna nyumba ambazo jina ni la baba na anayelipa ni mama. Wakiwa pamoja, jambo hili halionekani. Wakiachana, ndipo linatokea juu.

Hukumu kwa kipindi

Ndugu Waislamu, gawanyeni deni kwa vipindi, mtaona njia.

Kipindi cha kwanza ni siku za ndoa. Nafaka ya mke iko juu ya mume, hata mke akiwa tajiri. Chakula, mavazi na makao ni juu yake, na katika mji kama huu maji na taa ni sehemu ya makao. Kwa hiyo kila fakture ya siku za ndoa ni deni la mume, hata kama konteri imeandikwa kwa jina la mke. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, nafaka ambayo mume hakutoa haifutiki kwa kupita siku. Inabaki deni juu ya shingo yake. Kama mke alilipa kwa feza yake, tuangalie nia. Akiwa alitoa kama sadaka na msaada kwa nyumba yake, ana thawabu, na asirudi nyuma leo kudai kwa sababu wamegombana. Akiwa alisema wazi kwamba anamkopesha mume, basi ni mkopo, na mkopo unalipwa.

Kipindi cha pili ni edda. Katika talaka rejea, mke angali na haki ya makao na nafaka mpaka edda iishe, na Allah (S.W.T.) amekataza katika Suratut-Talaq, aya ya 1, kumtoa katika nyumba. Fikiri vizuri hapo. Allah amekataza kumtoa. Je, yule anayemwacha ndani na kuacha maji yakatwe, hamtoi kwa njia ya pembeni? Mwanamke hawezi kukaa na watoto katika nyumba isiyo na maji. Yule anayetaka atoke bila kumwambia toka, anajidanganya mwenyewe tu, kwa maana Allah anajua yaliyo kifuani. Katika talaka isiyo na kurejea, wanazuoni wamehitalifiana. Kwa Mashafii, makao yanabaki haki yake katika edda, na nafaka ni yake akiwa na mimba. Kwa hiyo fakture za miezi ile zinafuata hukumu hiyo.

Kipindi cha tatu ni baada ya edda. Hapo wajibu wa mume kwa mke umekwisha. Mama akibaki katika nyumba, umeme anaoutumia kwa nafsi yake na biashara yake ni deni lake. Asiseme, "Jina ni la baba fulani, acha limfuate." Hiyo ni dhulma.

Lakini kuna jambo la nne ambalo halina mwisho wa edda, nalo ni watoto. Nafaka ya watoto iko juu ya baba kila pahali wanapolala. Akiwa hapa Katuba, akiwa Kolwezi, akiwa ameoa mke mwingine, watoto ni wake. Paa, maji na taa ya mtoto ni fungu la baba kwa kadiri ya uwezo wake, kama Suratut-Talaq, aya ya 7, inavyofundisha kwamba kila mmoja atoe kwa kadiri ya alichopewa. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mume wake Abu Sufyan anabana mkono, alimruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Ona maneno mawili: kinachotosha, na kwa wema. La kwanza linamfunga baba bahili. La pili linamfunga mama asichukue kwa hasira.

Na kama ni mke ndiye aliyehama? Akihama bila sababu ya kisheria, nafaka yake inasimama, lakini ya watoto haisimami. Akihama kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa, mtu asikimbilie kumwita nashiza kabla ya wazee wa pande zote mbili kusikiliza. Na akiwa na konteri au patanti kwa jina lake pale alipotoka, mume naye asitumie jina la mke aliyeondoka ili kukusanya madeni.

Giza si silaha

Sasa nakuuliza wewe ndugu uliyehama. Kwa nini hukulipa fakture ya mwisho? Kama ni kwa kukosa, Allah anajua, na mwenye shida anangojewa mpaka apate. Lakini kama unayo, na unasema moyoni, "Acha wakae katika giza, mama yule atanikumbuka," basi umefanya deni kuwa fimbo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Na dhulma yako haimfikii mama peke yake. Inamfikia mtoto anayejifunza kwa ajili ya mtihani wa serikali. Inamfikia jirani pia, kwa sababu parseli nyingi za Kenya, Kamalondo na Katuba zina wapangaji wanne au watano kwa fakture moja. Ukikataa fungu lako, SNEL wanakata parseli nzima. Mzee anayelala chumba cha pili hakujua hata siku uliyooa, leo amekaa katika giza kwa sababu ya talaka yako.

Nakukumbusha kuhama kwa mmoja aliyekuwa bora kuliko sisi sote. Mwaka 622, Mtume wetu (S.A.W.) alihama Makka. Nyumba yake ilikuwa imezungukwa na watu waliotaka kumwua. Na watu hawahawa wa Makka, pamoja na uadui wao, walikuwa wameweka mali zao kwake, kwa kuwa walimwita Mwaminifu. Alifanya nini? Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma, akae siku tatu, arudishe amana moja moja kwa wenyewe, ndipo amfuate Madina.

Ndugu yangu, kama kungekuwa na mtu mwenye sababu ya kusema "wamenidhulumu, basi wataona," ni yeye siku ile. Walimfukuza katika mji wake. Lakini hakuchanganya mambo mawili. Uadui wao ulikuwa jambo moja, amana yao ilikuwa jambo lingine. Wewe unayehama kutoka Kampemba kwenda Ruashi, hakuna mtu anakufuata na upanga. Huna udhuru wa kutoka bila kuacha hesabu safi nyuma yako.

Jina ni amana

Na wewe dada uliyebaki, sikiliza vilevile. Jina la mume wako wa zamani lililobaki kwenye konteri ni kitu chake kilicho mkononi mwako. Allah (S.W.T.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kurudisha amana kwa wenyewe. Jina ni mali. Kwa jina mtu anapata mkopo, anapata nyumba, anaaminiwa na mwenye duka. Ukiliharibu, umeharibu mali yake. Mtu anayeacha mafakture yapande kwa makusudi ili mwenzake aitwe ofisini, au anayeita fundi wa kuunga waya kwa siri kwenye konteri yenye jina la mwenzake, amefanya hiana. Akisema, "Alinitesa miaka kumi," tunamwambia: kuteswa kwako kuna njia ya kudai, nenda kwa wazee, nenda kwa tribinali. Hiana haikufanyi ulipwe.

Kuna wanaosema pia, "SNEL ni ya serikali, deni la serikali si deni." Hilo ni kosa. Mali ya serikali ni mali ya watu wote, na mwenye kula mali ya watu wote ana wadai wengi zaidi siku ya Kiyama. Kama unaona hesabu ya fakture si ya kweli, kwa mfano wanakutoza kwa makadirio wakati huna hata konteri, una haki ya kwenda ofisini na kupinga. Kupinga hesabu ni halali. Kukataa deni unalolijua si halali.

Yule anayetundikwa

Kuna hali moja ambayo ni mbaya kupita zote. Mume anakwenda Kolwezi au Fungurume kutafuta kazi ya migodi, au anavuka kwenda Zambia. Miezi ya kwanza anatuma feza kwa simu. Halafu kidogo. Halafu namba haipatikani tena. Hakutoa talaka, hakutoa nafaka. Mama hana mume na si mtalakiwa. Mwenye nyumba anamwambia, "Mkataba ni wa baba, mlete baba." Akitaka kuandikisha maji kwa jina lake, anaulizwa mume yuko wapi.

Suratun-Nisaa, aya ya 129, imekataza kumwacha mwanamke kama kitu kilichotundikwa. Mume wa namna hii ana deni mbili: deni la nafaka ya kila siku iliyopita, na deni la kumfunga mtu ambaye hamtunzi. Ukiwa wewe ndiye, na karatasi hii ikafika mkononi mwako, chagua leo. Rudi kwa wema au acha kwa wema. Suratul-Baqara, aya ya 231, haikuacha njia ya tatu. Na nyinyi ndugu zake, baba zake na wajomba wanaojua anapokaa na kunyamaza, mnamsaidia katika dhulma.

Nini kifanyike siku ya kuachana

Allah (S.W.T.) ametuamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 282, kuandika deni na kuweka mashahidi. Na katika Suratut-Talaq, aya ya 2, ametaja mashahidi waadilifu katika kurejeana na kuachana. Basi wale mashahidi wanaokuja kwa ajili ya talaka, wasiondoke kabla ya kushuhudia hesabu pia. Fanyeni hivi:

1. Umeme na maji. Siku ya kuhama, someni konteri ya SNEL na ya REGIDESO, muandike hesabu na tarehe katika daftari, wote wawili mtie sahihi. Kilicho kabla ya tarehe ile kinafuata hukumu ya ndoa. Kilicho baada yake kinafuata hukumu ya edda na watoto. Halafu nendeni ofisini, mseme nani anabaki, ili jina libadilishwe. Msingoje agenti aje.

2. Nyumba ya kupanga. Mwambieni mwenye nyumba mapema, mkataba uandikwe upya kwa jina la anayebaki. Kumbukeni garanti: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu ya kodi. Garanti ile ni mali ya aliyeitoa. Anayebaki asiihesabu kuwa yake kimyakimya, na aliyehama asikimbilie kuidai mara moja ili watoto watolewe nje. Mkubaliane na muandike.

3. Parseli. Katika nchi yetu, tangu sheria ya mwaka 1973, udongo ni wa serikali, na haki yako inasimama kwa sertifika ya kuandikisha. Kwa dini, kila mmoja ana mali yake aliyochuma. Kwa sheria ya nchi, wale walioandikisha ndoa kwa komini bila kuchagua mpango wa mali, walichopata pamoja wakati wa ndoa kinahesabiwa kuwa cha wote wawili. Kwa hiyo mtu asiuze parseli peke yake usiku kwa sababu tu jina lake ndilo liko kwenye karatasi. Aliyechangia matofali na mabati ana haki yake.

4. Patanti ya biashara. Kama mama anauza sokoni kwa patanti yenye jina la baba, au baba ana duka kwa patanti ya mama, kila mmoja aandikishe yake. Taksi ikidaiwa, anayefanya biashara ndiye alipe, si yule ambaye jina lake lilibaki.

5. Gari na pikipiki. Anayebaki na gari aandikishe karte rozi kwa jina lake, alipe vinyeti na asiransi yeye mwenyewe. Akigonga mtu barabarani kwa gari ya mwenzake, wataitwa wote wawili.

6. Simu. Namba iliyoandikishwa kwa jina la mmoja na kutumiwa na mwingine ni mlango wa mikopo na feza za simu. Rudishianeni namba, badilisheni kodi ya siri. Mtu asitoe feza katika akaunti ya mwenzake kwa sababu anajua kodi yake. Kujua ufunguo hakukupi ruhusa ya kuingia.

7. Karatasi za ndoa. Talaka ya kidini ni sahihi mbele ya Allah, lakini eta-sivili ya komini haiijui. Kama ndoa iliandikishwa kwa serikali, kuachana kunapita kwa tribinali ya amani. Usiache karatasi moja iseme mmeachana na nyingine iseme mko pamoja, kwa sababu siku ya mirathi watoto wenu watakaa mahakamani.

Fungu letu sisi wengine

Ndugu Waislamu, jambo hili haliwahusu wawili tu. Imepokewa kwamba aliletwa maiti ili Mtume (S.A.W.) amsalie, akauliza kama ana deni. Wakasema ndiyo, dinari chache. Akawaambia masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada (R.A.) akasema deni lile liko juu yake, na Mtume (S.A.W.) akamsalia. Dinari chache tu, na sala ya Mtume ilisimama! Basi fikiri juu ya mtu anayelala leo na fakture za miezi kumi na nane, akisema zitajijua zenyewe. Na fikiri pia juu ya Abu Qatada. Katika safu zetu za Ijumaa kuna wafanyabiashara. Kuna wajomba na shangazi wenye uwezo. Pahali ambapo baba amekosa kweli, na mama amekosa kweli, mtu mmoja akilipa ili watoto wapate maji, amefuata sunna ya kubeba deni la ndugu yake.

Wazee wanaosuluhisha, msimalize kikao kwa fatiha kabla ya kuuliza: konteri iko kwa jina la nani? Mkataba uko kwa jina la nani? Kuna deni gani? Dakika kumi za kuuliza zinaweza kuzuia ugomvi wa miaka kumi.

Na nyinyi mliohama na mliobaki, Allah (S.W.T.) amewataka wanaoachana wasisahau fadhila baina yao, mtaikuta katika Suratul-Baqara, aya ya 237. Mlikula bukari katika sahani moja. Mliuguziana. Mlizika pamoja. Hayo hayafutwi na talaka. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya huyu, alimpiga huyu, mema yake yatagawanywa kwa wale aliowadhulumu mpaka yaishe. Usikubali sala zako za Ijumaa za miaka yote ziende kulipa fakture ambayo ungeweza kuilipa hapa duniani kwa mafranka.

Leo baada ya sala, ukiwa ni mmoja wa watu hawa, tafuta karatasi ile. Iangalie jina, iangalie tarehe. Kama deni ni lako, kalipe, hata kidogokidogo, au kaombe muda. Kama si lako lakini jina ni lako, mtafute mwenzako kwa upole, pamoja na mzee mmoja, mkabadilishe.

Ewe Mola wetu, tulipie madeni yetu, utupe rizki ya halali, utusaidie kurudisha amana, na uwahifadhi watoto wetu waliogawanyika baina ya nyumba mbili. Wape baba zao huruma na mama zao subira. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Tafadhali usitupe karatasi hii chini, ina jina la Allah. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)